Kupanga meza ya Dominion kwa kura ya simu

Mchezo wa Dominion huleta ubishi hata kabla karata hazijagawiwa. Boksi la msingi la toleo la pili, lililotoka mwaka 2016, lina aina 26 za karata za ufalme, yaani zile za kununua wakati wa mchezo, lakini mezani huwekwa aina 10 tu. Ukihesabu njia zote za kupata 10 kutoka katika 26 unafika 5,311,735. Sasa nani achague? Mwenye boksi atachagua zile anazoshinda nazo. Mkisema mjadiliane, magharibi itaingia hamjafungua hata karata moja. Dawa ni kura, na kura hiyo siku hizi inaweza kupigwa na simu iliyoko mfukoni mwako.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mchezaji anaanza na fungu lilelile la karata 10 dhaifu, Copper saba (pesa ndogo) na Estate tatu (alama ndogo). Kila zamu unashika karata tano mkononi, unacheza kitendo kimoja, unanunua karata moja kutoka mezani, halafu vyote vinakwenda kwenye rundo lako la zilizotumika. Fungu likiisha unachanga upya, na zile ulizonunua zinaanza kukujia mkononi. Kwa hiyo fungu unalijenga mwenyewe huku unacheza. Mbunifu wake ni Donald X. Vaccarino. Mchezo ulitoka mwaka 2008, na mwaka uliofuata ukapewa Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo ya mezani ya Ujerumani.

Mwongozo huu ni kwa mwenye boksi tayari, awe Mikindani, Masasi au Lindi mjini, au anayelisubiri literemke kwenye basi kutoka Dar.

Kwanza, je, simu unaihitaji kweli?

Ndani ya boksi kuna karata maalumu za kuchagulia, moja kwa kila aina, zenye mgongo tofauti na nyingine. Unazichanga, unafunua kumi, basi. Kama una boksi moja na wachezaji wote ni wazoefu, hiyo inatosha na simu itakuwa mbwembwe tu.

Simu inaanza kuwa na maana ukiwa na maboksi mawili au zaidi. Nyongeza za mchezo huu ni nyingi: Intrigue na Seaside zilitoka mwaka 2009, Prosperity mwaka 2010, Dark Ages mwaka 2012, na bado zinaendelea kutoka. Dark Ages peke yake ina aina 35. Kuchanga rundo la namna hiyo kwa mkono kila mara ni kazi ya kuchosha, na karata za kuchagulia zinachakaa kabla ya zile za kuchezea. Pia sisi wa pwani hupenda kucheza barazani, na kusi likivuma, kila karata isiyo na lazima ya kuwa mezani ni karata utakayoikimbiza uani.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko hizo ni masharti. Simu inakuwezesha kusema mapema ni kura ya namna gani mnaitaka. Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili, na ndipo watu wengi hukosea.

Hatua ya kwanza: masharti kabla ya kubonyeza

Kosa la kawaida ni hili. Mtu anabonyeza, zinatoka kumi, anakunja uso, anabonyeza tena. Mara ya tatu zinatoka anazozipenda, anasema, "Haya, tuanze." Hiyo si kura tena. Huyo amechagua mwenyewe na kuisingizia simu. Masharti yakubaliwe na meza nzima kabla ya kubonyeza, na baada ya hapo kinachotoka ndicho kinachochezwa.

Masharti yepi? Nitachukua boksi la msingi, toleo la pili, maana hesabu zake ni nyepesi kufuatilia.

Anza na mashambulio. Karata za kushambulia ziko nne: Bureaucrat, Militia, Bandit na Witch. Kura ikiachwa huru, karibu mara 88 kati ya 100 utapata angalau moja kati ya hizo. Kinga iko moja tu, Moat. Watu wazima waliozoea karata hawana neno na hali hiyo, lakini ukimkaribisha shemeji anayecheza kwa mara ya kwanza, Witch atamharibia jioni. Kila ukimcheza Witch, wenzako wote wanapokea Curse, karata inayokata alama moja na kuziba nafasi mkononi kila inaporudi. Sharti langu mezani pakiwa na mgeni: mashambulio yasizidi moja, na Witch akae nje. Wote wakiwa wazoefu, sina sharti lolote hapa.

Vitendo vya ziada ndivyo vinavyozua mabishano zaidi. Kwa kawaida una kitendo kimoja tu kwa zamu, na karata zinazokupa viwili moja kwa moja ni Village na Festival. Kura huru itakunyima zote mbili karibu mara 37 kati ya 100. Wapo wanaotaka ziwepo kila mchezo. Mimi siungi mkono. Meza isiyo na Village inakulazimisha ufikirie upya: unanunua Smithy, karata ya kuvuta nyingine tatu, moja au mbili tu badala ya tano, kwa kuwa mbili zikikutana mkononi moja inakuwa garasa. Huo nao ni mchezo, tena mzuri. Ukiweka sharti la Village iwepo siku zote, utakuwa unacheza mchezo mmoja mwaka mzima.

Manunuzi ya ziada yanatoka kwa Market, Festival na Council Room. Zote tatu hukosekana kama mara 22 kati ya 100. Hapa tena ningeacha.

Halafu kuna karata za kuondoa, zile zinazokuruhusu kuzitoa karata dhaifu kabisa katika fungu lako: Chapel, Remodel, Moneylender, Mine na Sentry. Fungu lisilopunguzwa ni sawa na mkorosho usiopogolewa, matawi mengi na mavuno haba. Mtu anaweza kudhani hili linahitaji sharti la lazima, lakini hesabu inasema zote tano zinakosekana takribani mara 7 tu kati ya 100. Usijisumbue nalo.

Sharti la mwisho ni la lugha, na sijaona programu yoyote inayolifikiria. Karata zimeandikwa Kiingereza. Mama mdogo au kijana wa darasa la sita anaweza kuwa hodari wa karata kuliko wote barazani na bado akakwama kwenye maelezo ya Bandit au Harbinger. Akiwepo mtu wa namna hiyo, wekeni kikomo: karata zenye maelezo marefu zisizidi mbili. Village, Smithy, Laboratory, Market na Festival hazina maneno ya kumtisha mtu. Ni namba tu.

Masharti mawili kwa mchezo mmoja yanatosha. Yakifika matano, kura inabaki jina.

Hatua ya pili: kuitengeneza kura

Njia ya mkato ni kutumia tovuti au programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Unaweka alama kwenye maboksi uliyonayo, unaweka masharti, unabonyeza, zinakuja kumi zikiwa zimepangwa kwa bei. Ukizitumia, kagua mambo mawili. Je, inakuuliza toleo? Toleo la kwanza lilikuwa na karata kama Adventurer, Thief na Woodcutter ambazo toleo la pili liliziondoa, na programu isiyotofautisha itakuletea karata ambayo huna. Je, inafanya kazi bila intaneti? Nyingine hazifanyi, na bando huwa linakata wakati watu wameshakaa.

Kwa sababu hiyo napendelea kutengeneza yangu kwenye Excel au Google Sheets. Kazi yake ni ya jioni moja, halafu inakaa kwenye simu miaka yote. Fungua jedwali jipya, mstari wa juu kabisa uandike vichwa vya safu: Jina, Boksi, Bei, Kazi, Alama, Kura. Kisha andika karata zako zote, kila moja mstari wake.

Majina yaache kama yalivyochapishwa, ili mtu aweze kuilinganisha orodha na karata iliyo mezani. Lakini safu ya Kazi iandike Kiswahili, kwa maneno ambayo barazani kwenu mnayatumia. Mfano:

Village, bei 3: vuta karata 1, ongeza vitendo 2.
Smithy, bei 4: vuta karata 3.
Militia, bei 4: pata sarafu 2, wengine watupe hadi wabaki na karata 3 mkononi.
Market, bei 5: vuta karata 1, kitendo 1, ununuzi 1, sarafu 1.
Chapel, bei 2: ondoa kabisa hadi karata 4 za mkononi.

Safu hii peke yake inalipa gharama ya kuandika jedwali zima. Kura ikishapigwa, mistari kumi ya juu ndiyo maelezo ya mchezo wa leo kwa Kiswahili, na unaweza kuipiga picha na kumtumia kila mtu kwenye simu yake. Mtu haulizi tena kila zamu, "Hii inafanya nini?"

Safu ya Alama ni herufi za masharti: S kwa shambulio, V kwa vitendo vya ziada, N kwa manunuzi, K kwa kinga, M kwa maelezo marefu. Karata inaweza kuwa na alama mbili. Festival itakuwa na V na N.

Safu ya Kura ndiyo yenye kura yenyewe. Kwenye kisanduku cha kwanza chini ya kichwa andika =RAND() halafu ivute mpaka karata ya mwisho. Kila mstari utapata namba yake ya kubahatisha kati ya sifuri na moja. Sasa panga jedwali zima kwa kufuata safu hiyo, kutoka ndogo kwenda kubwa. Karata zimechangwa.

Hapa kuna jambo linalowashtua wengi. Ukimaliza kupanga utaona namba za safu ya Kura hazifuatani kabisa, kana kwamba kupanga kumeshindikana. Haijashindikana. RAND hujipa namba mpya kila jedwali linapoguswa, hata kwa kupanga kwenyewe. Mpangilio wa karata ni halali, namba unazoziona sasa ni za kura ijayo. Ila usipange mara ya pili. Nakili majina ya juu mahali pengine kwanza, kwenye karatasi au kwenye ujumbe.

Ukitumia Google Sheets, ingia kwenye mipangilio ya faili mkiwa bado na intaneti na uliruhusu lipatikane nje ya mtandao. Watu husahau hili mpaka wafike Msimbati.

Hatua ya tatu: kushuka na orodha

Mmeshakubaliana masharti, orodha imechangwa. Mmoja anasoma kwa sauti kuanzia juu. Kila karata isiyovunja sharti inaingia. Inayovunja inarukwa, mnakwenda inayofuata. Mkifika kumi mnaacha.

Tuseme sharti ni shambulio moja tu. Militia imetokea ya tatu, imeingia. Bandit ikitokea ya saba, irukeni, mchukue ya nane. Hakuna mjadala.

Sharti la "lazima iwepo angalau moja" linashughulikiwa mwishoni. Mkiwa na karata tisa na bado haijatokea hata moja ya aina mliyoitaka, ya kumi haichukuliwi hivihivi. Shukeni mpaka mkutane na ya kwanza inayotimiza sharti.

Kuna mtindo mwingine unaopendeza pale ambapo watu wana karata wanazozichukia. Toeni kumi pamoja na idadi ya wachezaji: mkiwa watatu, toeni 13. Kila mmoja anakata moja, aliyeshinda mchezo uliopita akikata wa kwanza ili wengine wapate kumjibu. Zinabaki kumi. Mtindo huu unamaliza manung'uniko kuliko sharti lolote, maana kila mtu ameshatoa lake.

Hatua ya nne: kuzisoma kumi

Kabla ya kuanza kucheza, tulieni dakika mbili muiangalie orodha. Chukua mfano wa kura hii huru: Cellar, Chapel, Workshop, Gardens, Militia, Smithy, Throne Room, Bandit, Laboratory, Witch.

Inasema nini? Mashambulio matatu, Moat hakuna, kwa hiyo kila mtu ataumia na hakuna pa kujificha. Village na Festival hazipo, na Smithy na Witch zitagombea kitendo kimoja. Laboratory inakurudishia kitendo unachotumia, ndiyo maana hapa inapanda thamani. Throne Room inacheza karata moja mara mbili: ukiitumia juu ya Laboratory unabaki na vitendo viwili, na hiyo ni njia mojawapo ya kucheza Smithy na Witch zamu moja. Chapel inakuwa dhahabu, kwa sababu Curse zitakazokujia zinahitaji mlango wa kutokea.

Kuna pia njia ya pembeni. Gardens inatoa alama moja kwa kila karata 10 za fungu lako, na Workshop inakuletea bure karata yoyote ya bei mpaka 4, Gardens ikiwemo. Mtu anaweza kuziacha kabisa Province, karata kubwa za alama, akajaza fungu kwa makusudi na kumaliza marundo matatu haraka ili mchezo uishe. Witch akiwagawia wengine Curse, huyu wa Gardens hata haumii sana, maana Curse nayo inahesabika katika idadi ya karata.

Mgeni asiyeona haya yote si vibaya kumwelekeza. Mchezo wa kwanza kabisa, hata hivyo, achaneni na kura. Kitabu cha sheria kina seti ya kuanzia: Cellar, Market, Merchant, Militia, Mine, Moat, Remodel, Smithy, Village na Workshop. Imepangwa vizuri.

Hatua ya tano: mezani

Kila karata ya ufalme iwe na rundo la karata 10. Gardens ni ya ushindi, inafuata hesabu ya ushindi. Zipange kwa bei, nafuu upande mmoja na ghali upande mwingine, ili mtu mwenye sarafu nne asitafute meza nzima.

Karata saba za msingi hazipigiwi kura, zinakuwepo siku zote: Copper, Silver, Gold, Estate, Duchy, Province na Curse. Mkiwa wawili, weka 8 za kila aina ya ushindi na Curse 10. Mkiwa watatu, 12 za ushindi na Curse 20. Mkiwa wanne, 12 na Curse 30. Hesabu ya Estate huwachanganya watu: zile nane au kumi na mbili ni zinazobaki mezani baada ya kila mtu kuchukua tatu zake. Mchezo unaisha Province zikimalizika, au marundo yoyote matatu yakiwa matupu.

Hesabu hii itakubadilikia kulingana na msimu. Korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba, wenzetu wenye mashamba Tandahimba na Newala wanatoweka barazani, na meza ya wanne inakuwa ya wawili. Msisahau kupunguza marundo. Province 12 kwa watu wawili zinaufanya mchezo uburute.

Maboksi yakichanganywa

Nyongeza nyingine zina kura zake ndogo juu ya kura kubwa, na jedwali lako litazimudu ukiweka safu ya Boksi vizuri. Prosperity inaongeza Platinum na Colony, pesa kubwa na ushindi mkubwa. Kuamua kama zitumike, chagua kwa bahati karata moja kati ya zile kumi: ikiwa ni ya Prosperity, ziwekeni zote mbili. Dark Ages ina utaratibu huohuo kwa karata za Shelters, zinazochukua nafasi ya Estate tatu za kuanzia, na kura yake ipigwe peke yake. Karata nyingi za Alchemy zinanunuliwa kwa Potion, pesa ya pekee ya boksi hilo, kwa hiyo karata yake moja iliyojitenga haina faida. Ikitokea, ongezeni zifike tatu mpaka tano za boksi hilo. Young Witch wa Cornucopia anadai rundo la 11, lenye bei ya 2 au 3: endeleeni kushuka na orodha mpaka mlipate.

Msichanganye zaidi ya maboksi mawili kwa mchezo mmoja. Tano za hili na tano za lile zinaendana vizuri. Mkivuta kutoka maboksi matano, kila karata inakuja na utaratibu wake na hakuna hata moja inayopata mwenzake.

Hifadhi nayo ni sehemu ya upangaji. Unyevu wa pwani unazipinda karata, na karata iliyopinda inajulikana hata ikiwa imelala kifudifudi. Zivishe mifuko ya plastiki ya karata, na kila aina ikae na kipande chake cha kadibodi chenye jina, zikifuatana kwa alfabeti ndani ya boksi lake. Simu inaweza kuchagua kumi kwa sekunde. Kama hujui Sentry iko wapi, hujaokoa muda wowote.

Ukiwa na marafiki Lindi wenye boksi kama lako, watumie yale majina kumi kwa ujumbe mfupi, wacheze meza ileile jioni ileile. Wao wakiwa watatu na ninyi wawili, alama zenu hazilinganishiki. Ulizaneni marundo gani yaliisha kwanza, na nani alimnunua Witch mapema.